Koti Juu ya Swichi

Mume wangu akirudi kazini, kitu cha kwanza ninachofanya ni kumvua koti. Msinielewe vibaya, simvui kwa mapenzi. Namvua ili maranda yasiingie ndani. Yeye ni fundi wa karakana ya useremala katika chuo cha ufundi. Maranda ni yale maganda membamba yanayotoka mbao ikipigwa randa. Mifuko ya koti lake hujaa hayo kila siku. Nikilikung'uta mlangoni, kuku huja mbio wakidhani ni chakula.

Akishakaa, kitinda mimba wetu humpanda mapajani. Wakati huo alikuwa na miaka minne na alikuwa anajifunza kuhesabu. Alihesabia vidole vya baba yake. Akifika saba, aliruka mpaka tisa. Kila siku hivyo hivyo. Baba yake humwuliza, "Na kidole changu cha nane umekipeleka wapi?" Sote tunacheka. Sikujua kwamba mchezo huo ungekuja kunitia hofu.

Mimi nafanya kazi chuo hicho hicho. Ni mfagizi. Kwa miaka sita nilifagia ofisi na mabweni. Karakana aliifagia mwenzangu. Wanafunzi walimwita mume wangu Fundi Koti. Mimi nilidhani ni kwa sababu lile koti la bluu halimtoki mwilini. Sikuuliza, wala hakuna aliyeniambia.

Jumatatu moja yule mwenzangu aliumwa. Msimamizi wetu akanijia asubuhi. "Leo utachukua na karakana," akasema. Basi, hilo tu. Nikabeba ufagio na ndoo, nikaenda.

Karakana yetu ni jumba refu. Mbele kuna meza za wanafunzi. Nyuma kabisa kuna mashine kubwa ya randa, ndefu kuliko kitanda. Tumboni mwake mna visu vitatu vinavyozunguka. Mbao inaingia upande mmoja ikiwa imeparara, inatoka upande wa pili laini kama shavu la mtoto. Lakini swichi yake haiko pale kwenye mashine. Iko ukutani, karibu na mlango. Ni sanduku la chuma lenye mpini mwekundu pembeni. Ukiupandisha mpini, mashine inawaka. Ukiushusha, inazima. Siku ile, kati ya swichi na mashine palikuwa na rundo la mbao lililonipita kimo. Aliyesimama kwenye swichi haoni mashine. Aliye kwenye mashine haoni swichi.

Wanafunzi walikuwa nje, wako mapumziko. Niliingia nikaona karakana tupu, kimya kabisa. Halafu nikaliona koti la mume wangu. Lilikuwa limetundikwa kwenye ule mpini mwekundu, kola imejaa mafuta, mkono mmoja umechanika.

Nikaona haya. Ijumaa ya wiki ile tulikuwa tunatarajia wakaguzi. Nikajisemea, huyu mwanamume ataniaibisha. Watu watasema mke wake anafagia chuo kizima lakini koti la mumewe limemshinda. Nikalitoa kwenye mpini, nikalitumbukiza kwenye ndoo, nikatoka nalo hadi kwenye bomba lililo nyuma ya karakana. Nilikuwa naimba, nakumbuka vizuri. Sabuni ilikuwa imeanza kutoa povu.

Ndipo niliposikia mashine ikinguruma.

Kilifuata kishindo cha chuma kugonga bati. Kisha sauti ya mtu. Kuna sauti ambayo huhitaji kuuliza ni ya nani. Nimelala ubavuni mwa sauti ile miaka kumi na minane.

Nilikimbia na ndoo mkononi, koti bado limo ndani, maji yanamwagika. Mashine ilikuwa imeshazimwa. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ameinyoosha mikono mbele yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Juu, kwenye bati la paa, palikuwa na tundu jipya, jua linapenya. Spana aliyokuwa ameiacha juu ya visu ilikuwa imerushwa ikatoboa paa.

Nilihesabu vidole vyake. Nilifika saba nikapotea, nikaanza upya. Vilikuwa kumi. Nikahesabu tena. Kumi.

Mwalimu wa useremala, dada mmoja mchapakazi sana, alikuwa amesimama kando ya rundo la mbao. "Koti halikuwepo," alikuwa akisema. "Haki ya Mungu, Fundi, nimeangalia kabla ya kuwasha. Koti halikuwepo."

"Nimelitundika kwa mkono wangu," mume wangu akasema. "Nilikuwa nakaza visu. Kitambaa kikanidondoka. Nimetoa mikono nikiokote tu. Kitambaa tu, Mwalimu."

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile koti lilikuwa ndiyo alama. Koti likiwa juu ya swichi, maana yake Fundi yuko ndani ya mashine, asiguse mtu. Watu wote wa karakana walijua hivyo. Mimi sikuwa mtu wa karakana.

Na sasa nitawaambia jambo ninaloliona aibu hadi leo. Nililisukuma lile koti hadi chini ya ndoo, nikalifunika kwa kitambaa cha kudekia. Kisha nikaenda kumshika mume wangu bega.

Nyumbani siku ile hakula. Kitinda mimba alimpanda mapajani kama kawaida. "Moja, mbili, tatu," akaanza. Alipofika saba akaruka hadi tisa. Baba yake aliivuta mikono yake, akaificha makwapani. Mtoto akadhani ni mchezo mpya, akacheka peke yake.

"Kuna mtu alilitoa," mume wangu akasema. "Koti haliwezi kutembea."

"Labda lilianguka," nikasema.

"Lingeanguka tungeliona. Limetafutwa kila mahali. Nimefikiri sana, mama watoto. Ni yule mwalimu. Mwezi uliopita tulikwaruzana kuhusu mbao. Anataka kunimaliza."

"Usiseme hivyo, baba watoto."

"Kwani wewe unamjua aliyelitoa?"

Nikainama, nikajifanya naokota maranda kwenye mkeka.

Siku ya Jumanne alikwenda kazini lakini hakugusa mashine. Jumatano vilevile. Alisimama mlangoni tu, akiutazama ule mpini. Mlango ukijibamiza, anaruka. Mimi nikawa mbaya zaidi. Nikisikia chombo chochote kinaanza kunguruma, hata mashine ya kukata majani uwanjani, mikono inakufa ganzi na ufagio unanidondoka. Koti lilikuwa kwenye stoo ya mafagio, limelowa, limeanza kunuka. Niliogopa kulitupa, na niliogopa kulitoa.

Kisha habari zikaenea. Mkuu wa chuo ameitisha kikao Alhamisi. Mwalimu wa useremala atasimamishwa kazi. Nilimkuta chooni akinawa uso. Macho yamevimba.

"Mama," akaniambia, "kama ningemuua mumeo ningeishi vipi? Na wala sijui nilikosea wapi. Niliangalia koti. Huwa naangalia kila siku."

Jamani. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikisema, kazi yangu imekwenda na maji. Nikinyamaza, mwanamke asiye na hatia anafukuzwa. Lakini hofu kubwa haikuwa ya kazi. Niliogopa mume wangu ajue kwamba mkono uliokaribia kumkata vidole ni huu unaompakulia chakula.

Kikao kilifanyika mle mle karakanani. Mkuu wa chuo alikuja na mama mmoja mfupi, amevaa buti kubwa zilizochakaa. Alikuwa afisa usalama. Zamani alikuwa fundi umeme viwandani. Hakuketi. Alizunguka, akalitazama rundo la mbao, akalitazama tundu la paa, akaingiza kidole kwenye kitu fulani pale kwenye swichi. Sisi tukimfuata kwa macho.

"Kwanza niwatoe wasiwasi," akasema. "Sikuja kutafuta wa kumfunga. Nataka kujua kitu kimoja. Mashine iliwezaje kuwaka wakati mtu yumo ndani?"

"Koti lilitolewa," mume wangu akajibu, macho kwa mwalimu. "Na aliyelitoa yumo humu."

Nilisimama.

"Ni mimi," nikasema.

Watu wote waligeuka. Mimi nilimwona mmoja tu. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua.

"Wewe?"

"Nililitoa nikalifue. Lilikuwa chafu. Nilikuwa bombani nikasikia mashine." Machozi yakanishinda. "Liko stoo. Nililificha. Mwalimu hana kosa. Nisamehe, baba watoto. Nilitaka upendeze Ijumaa."

Afisa usalama aliniuliza kwa upole, "Mama, ulijua koti hilo lina maana gani?"

"Sikujua."

Akawageukia wengine. "Nani alimwambia?"

Msimamizi wa wafagizi akatazama viatu vyake. Mkuu wa chuo akakohoa.

"Wafagizi huitwa kwenye vikao vyenu vya karakana?"

"Hapana," mkuu akasema. "Huwa ni walimu na mafundi."

"Na anayefagia chini ya visu ni mwalimu?"

Yule mama alikwenda hadi kwenye swichi. "Fundi, njoo. Umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Hiki kitundu hapa kwenye mpini, unakijua?"

"Nakijua sana. Ni cha kutundikia koti. Kitanzi cha kola kinaingia vizuri."

Mtu mmoja nyuma aliguna kwa kicheko, akajizuia. Afisa usalama hakucheka. Aliushusha mpini, akatoa kufuli mfukoni, akalipitisha kwenye kile kitundu, akalifunga. Ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Mwalimu, washa mashine."

"Mimi? Siigusi tena ile."

"Washa, nakuomba. Hakuna mtu ndani, nimeangalia."

Mwalimu alikwenda kwa kunyata, akausukuma mpini juu. Ko. Ukagota. Akasukuma kwa mikono miwili. Ko.

"Kitundu hiki kiliwekwa kwa ajili ya kufuli," yule mama akasema. "Kimekuwa hapa siku zote. Koti linaomba tu, Fundi. Linaomba kila anayepita alielewe na alikumbuke, na asiwe na haraka. Akija mgeni, akija mfagizi, upepo ukivuma, umekwisha. Kufuli halimwombi mtu."

"Kwa hiyo tununue kufuli moja?" mkuu akauliza.

"Kila mtu lake. Kila anayeingiza mkono au mwili kwenye mashine ana kufuli lake, na ufunguo ni mmoja tu, unakaa mfukoni mwake. Lina kibao chenye jina. Mkiwa wawili, makufuli mawili. Mkiwa watano, matano. Kuna chuma cha kuunganishia, nitawaletea. Hakuna anayefungua la mwenzake, hata akiwa mkuu wa chuo."

"Tukishafunga tunaanza kazi?" mwalimu akauliza.

"Bado. Hakikisha hakuna mtu karibu, kisha jaribu kuiwasha, kama ulivyofanya sasa hivi. Ikikataa, subiri visu visimame kabisa, maana huendelea kuzunguka hata umeme ukikatika. Ndipo uguse. Na hili rundo la mbao liondoke leo. Kabla ya kuwasha mashine, mtu anatakiwa aione."

Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Na huyu naye apewe kufuli."

"Mfagizi?" Mume wangu alikuwa bado amenuna. "Atafungia nini, ufagio?"

"Atafungia roho yake," yule mama akasema, akaendelea na mengine.

Mwalimu hakusimamishwa kazi. Mimi nilipewa onyo kwa kuficha koti, na lilinistahili. Afisa usalama aliniambia waziwazi: "Kulitoa hukujua. Kulificha ulijua. Siku tatu ambazo watu walitafuta mchawi, mashine ingeweza kuua mtu mwingine." Tangu siku ile sisi wafagizi, walinzi na watu wa jikoni tunaitwa kwenye mafunzo sawa na walimu.

Nyumbani mume wangu hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa naanika nguo, akaja akasimama nyuma yangu. Akalishika koti la bluu kwenye kamba. Lilikuwa safi.

"Ungeniua huku unanifulia," akasema.

"Najua."

"Nilimchafua mwalimu wa watu bure."

"Kamwombe radhi."

"Nimeshamwomba." Akavuta pumzi. "Lakini hili jambo la makufuli ni usumbufu. Miaka ishirini na moja, mama watoto. Fungua, funga, fungua, funga. Utadhani nalinda benki."

Nilimwacha. Mume wangu ana kichwa kigumu, na mimi sikuwa na mdomo wa kumfundisha mtu.

Karakana niliiomba mwenyewe. Msimamizi alinishangaa. Nilimwambia nikiikimbia nitaiogopa mpaka nizeeke. Kusema kweli niliendelea kuiogopa.

Wiki ya tano baada ya kikao, siku ya mtihani wa vitendo, mashine ikaziba. Maranda yalikuwa yamejaa tumboni. Mume wangu akaushusha mpini, akaweka kufuli lake. Akajaribu kuwasha, ikakataa. Akainama kwenye visu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyatoa maranda chini. Nikaweka langu pembeni ya lake kwenye kile chuma cha kuunganishia, jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Kwani langu halitoshi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Lako lina jina lako," nikamjibu.

Akaguna.

Nilijaza gunia la kwanza, nikalitoa nje. Akaniona nikitoka, akadhani nimemaliza na kufuli langu nimeshalitoa. Nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikaingia chini ya mashine kwa tumbo, na ufagio mfupi mkononi. Chini kule ni giza, vumbi, na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mkanda wa mashine ulikuwa sentimita chache kutoka shavuni mwangu. Visu vilikuwa juu ya mikono yangu.

Nikamsikia mwalimu akiita kutoka mlangoni, "Fundi, tayari? Wanafunzi wanasubiri."

"Tayari, tayari," mume wangu akajibu.

Nikasikia viatu vyake vikienda kwenye swichi. Nikasikia ufunguo. Nikasikia kufuli lake likifunguka.

Nilitaka kupiga kelele. Vumbi lilikuwa limenikaba koo na sauti haikutoka. Nilibana mikono kifuani. Nikamwona kitinda mimba wangu akilini, anahesabu vidole, anafika saba.

Ko.

Kisha tena, kwa nguvu zaidi. Ko.

Sikusikia hatua. Sikusikia mtu akipumua. Halafu ikaja sauti ya mume wangu, ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mama watoto?"

Nikakohoa. "Niko huku chini."

Alikuja akapiga magoti, kisha akaketi kabisa sakafuni, pale pale alipoketi siku ile. Nilitoka kwa kujiburuta, maranda yamejaa kichwani. Alinishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi. Akaanza kuhesabu vidole vyangu polepole, mbele ya mwalimu, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamejaa mlangoni. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba sauti ikamkatika.

"Nane," nikamwambia.

Akamaliza. Nilimwacha atulie kwanza. Kisha nikaenda kwenye swichi, nikatoa ufunguo mfukoni mwangu, nikafungua kufuli langu kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu akatazama chini ya mashine, akatazama nyuma yake, akahesabu watu wote. Ndipo akawasha.